Serikali Inapotambua Tiba ya Walakota, Inatambua Nini Hasa?

Mwaka 1883 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani ilitoa kanuni zilizogeuza ibada za Wenyeji asilia kuwa makosa ya kuadhibiwa. Ngoma ya Jua ilikuwa kosa. Kazi ya mganga ilikuwa kosa. Aliyepatikana akicheza ngoma hiyo kwa mara ya kwanza alinyimwa posho ya chakula hadi siku 10, na wakati ule, nyati wakiwa wameteketezwa, posho ndiyo iliyokuwa chakula chenyewe. Mganga alifungwa siku zisizopungua 10, na angeweza kuendelea kushikiliwa mpaka airidhishe mahakama na wakala wa serikali kwamba ameiacha kazi yake milele.

Oktoba 2024 serikali hiyo hiyo, kupitia idara inayosimamia Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato kidogo, iliridhia kulipia tiba za jadi za Wenyeji katika majimbo manne: Arizona, California, New Mexico na Oregon.

Mtu akiziweka tarehe hizo mbili bega kwa bega, anaweza kuona safari iliyonyooka: serikali ilikataza, ikajirudi, sasa inalipa. Mambo hayakwenda hivyo. Kuacha kumfunga mganga ni jambo moja. Kumlipa ni jambo jingine. Kumwachia yeye na watu wake waamue nani ni mganga, ibada ifanywe vipi na kipi kisiandikwe popote, ni jambo la tatu, na kwangu mimi hilo la tatu ndilo linalopima yale mawili mengine. Kwa Walakota, mambo haya matatu yamekuja kwa nyakati tofauti, kwa milango tofauti, na moja wapo bado halijakamilika.

Walakota ni watu wa nyanda za kaskazini ya kati ya Marekani, matawi saba ya taifa kubwa ambalo wazungu walizoea kuliita Sioux. Sitting Bull, Crazy Horse na Red Cloud walikuwa Walakota. Leo wengi wao wanaishi katika maeneo waliyobakishiwa baada ya ardhi yao kukatwakatwa: Pine Ridge, Rosebud, Cheyenne River na Lower Brule yaliyoko South Dakota, na Standing Rock inayovuka mpaka kuingia North Dakota. Kila eneo lina serikali yake ya kabila, yenye baraza la kuchaguliwa na mahakama yake. Msomaji alishike hilo la serikali, kwa maana tutalihitaji mbele.

Matanga yaliyokatazwa

Tiba haieleweki bila kuujua ugonjwa, basi tuanzie huko.

Walakota walikuwa, na wangali, na ibada ya kuitunza roho ya marehemu. Familia ilikata kishungi cha nywele zake, ikakifunga pamoja na vitu vitakatifu, ikakiweka mahali pa heshima ndani ya hema. Kwa kawaida ilikuwa kazi ya mwaka mzima. Roho ilihudumiwa kama mtu wa nyumbani, ikatengewa chakula, na aliyeitunza aliishi kwa kujizuia, mbali na ugomvi na maneno mabaya. Mwaka ukitimia watu walikusanyika, roho ikaachiliwa iende zake, familia ikagawa mali yake kwa wahitaji, na wafiwa wakarudi kwenye maisha ya kila siku. Yeyote aliyewahi kukaa matanga ataiona kazi ya ibada hii mara moja: huzuni inapewa mwanzo, muda na mwisho, na watu wa kuibeba pamoja na mfiwa.

Serikali iliikataza. Wazee wa Lakota wamesimulia kwamba mwaka 1890 ilitolewa amri kuwa roho zote zilizokuwa zikitunzwa ziachiliwe katika siku moja iliyopangwa kisheria. Mwaka huo huo, tarehe 29 Desemba, askari wa Kikosi cha 7 cha wapanda farasi waliwamiminia risasi watu wa chifu Big Foot kando ya kijito cha Wounded Knee. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 250 na 300, wengi wao wanawake na watoto. Miili 146 ilifukiwa katika kaburi moja la pamoja. Msiba mkubwa kuliko yote uliwaangukia watu waliokwisha kunyang'anywa njia yao ya kuomboleza.

Kisha watoto. Shule ya bweni ya Carlisle, huko Pennsylvania, ilifunguliwa mwaka 1879, na miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto wa Rosebud na Pine Ridge. Walikatwa nywele, jambo ambalo kwao ni alama ya msiba, wakavishwa sare, wakazuiwa kusema lugha yao. Wengine walifia huko. Julai 2021 mabaki ya watoto tisa yalirudishwa Rosebud, zaidi ya miaka 130 baada ya kuzikwa ugenini.

Mwanamke wa Kilakota, Maria Yellow Horse Brave Heart, mtaalamu wa ustawi wa jamii, ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina katika vitabu vya taaluma. Kuanzia miaka ya 1980 alieleza kuwa anachokiona kwa watu wake, yaani ulevi, kujiua, hasira isiyo na anwani na ganzi ya moyo, hakielezeki kwa historia ya mgonjwa mmoja mmoja. Alikiita jeraha la kihistoria: maumivu yanayojikusanya kizazi hadi kizazi kutokana na mauaji na hasara za umma mzima. Pembeni yake aliweka wazo la pili, ambalo naona ndilo lenye uzito zaidi, la huzuni isiyomalizwa. Watu waliokatazwa kulia kwa desturi yao hawakuacha kuwa na kilio. Walikirithisha.

Mwaka 1992 yeye na wenzake waliwakusanya Walakota 45 wanaofanya kazi za kuhudumia jamii, katika Black Hills, milima iliyo mitakatifu kwao. Kwa siku kadhaa walitazama historia yao uso kwa uso, wakaielewa, wakaitoa nje huzuni yao, kisha wakatafuta namna ya kuishi baada yake. Ibada za jadi zilikuwa ndani ya shughuli hiyo tangu mwanzo, pamoja na maelezo ya kitaalamu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la ustawi wa jamii mwaka 1998, na tangu hapo wazo la jeraha la kihistoria limeenea duniani, hadi kwa watu ambao pengine hawajui kwamba lilitoka kwa Walakota.

Lakini uponyaji huo haukusubiri jarida. Desemba 1986 kikundi kidogo cha wapanda farasi wa Kilakota kilianza kuifuata njia aliyopita Big Foot na watu wake, kwenye theluji, mpaka Wounded Knee. Walirudia kila Desemba kwa miaka minne, na mwaka 1990, mauaji yalipotimiza miaka 100, waliofika walikuwa mamia. Hapo ilifanywa ibada ya kufuta machozi, ile inayowatoa wafiwa msibani. Msiba wa mwaka 1890 ulifungwa mwaka 1990. Hakuna wizara iliyouandaa wala kuutolea leseni. Mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kueleza majuto yake makubwa, ambayo si sawa na kuomba radhi, na nishani za heshima walizopewa askari kwa kazi ya siku ile hazikufutwa. Septemba 2025, baada ya uchunguzi ulioanzishwa mwaka uliotangulia, waziri wa ulinzi alitangaza kwamba zitabaki.

Kutofungwa

Mlango wa kwanza ni wa sheria. Mwaka 1934 John Collier, kamishna wa mambo ya Wenyeji, alitoa waraka uliowataka maofisa wake waache kuingilia dini na desturi zao. Ngoma ya Jua ikaanza kutoka mafichoni. Hata hivyo Wenyeji waliendelea kunyang'anywa manyoya ya tai na kuzuiwa kufika mahali pao patakatifu, ndiyo maana mwaka 1978 Bunge lilipitisha Sheria ya Uhuru wa Dini wa Wenyeji wa Marekani. Ilikuwa tamko jema lisilo na meno. Miaka 10 baadaye Mahakama ya Juu, katika kesi ya barabara iliyokusudiwa kupita katika misitu mitakatifu ya Wenyeji wa California, iliamua kwamba sheria ile haimpi mtu haki ya kuizuia serikali kutumia ardhi yake.

Kesi moja ya Walakota wenyewe inaonyesha ugumu ulivyojificha. Mwaka 2009 idara ya magereza ya South Dakota ilipiga marufuku tumbaku katika ibada za wafungwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wafungwa wanaichepusha na kuiuza. Ila serikali iliongeza hoja nyingine: iliwataja waganga wa Kilakota waliosema kwamba tumbaku si ya lazima, kwa kuwa asili ya mchanganyiko unaovutwa katika kiko kitakatifu cha sala ni gome la mti uitwao kwa Kilakota cansasa. Wafungwa wakasema kwao wao tumbaku ni sehemu ya sala. Sasa hakimu wa serikali kuu ameketi mbele ya Walakota wanaotofautiana juu ya ibada yao. Amsikilize nani?

Mahakama haikuchagua mganga mkweli. Ilisema haki ya mtu kuabudu haitegemei waumini wenzake wote wakubaliane naye, ikairudisha tumbaku, kwa masharti: isizidi asilimia 1 ya mchanganyiko. Mahakama ya rufaa ilikubaliana na uamuzi huo mwaka 2014. Wafungwa walishinda, na nafurahi walishinda. Lakini tazama kilichotokea: kipimo cha tumbaku katika kiko kitakatifu sasa kimo ndani ya amri ya mahakama, kwa asilimia. Hivyo ndivyo kila utambuzi wa serikali unavyofanya kazi. Unafungua mlango, na papo hapo unaupima upana wake.

Kulipwa

Kwenye pesa ndiko mambo yanakosonga zaidi. Bima hulipia kitu chenye jina, muda, mgonjwa mmoja na mtoa huduma mwenye sifa zinazojulikana. Weka hayo pembeni ya inipi, kibanda cha jasho. Fito za mwerebi zinapindwa kuwa kuba, zinafunikwa kwa ngozi au mablanketi mpaka ndani kunakuwa giza totoro. Mawe yaliyookwa motoni yanaingizwa, mlango unafungwa, maji yanamwagwa juu yake, watu wanaomba na kuimba kwa awamu nne. Aliyeumwa yumo, na ndugu zake wamo. Mtu akiingia au kutoka husema mitakuye oyasin, akiwataja jamaa zake wote, na kwa Mlakota jamaa ni pamoja na wanyama, mimea, mawe na waliotangulia. Tiba ni kumrudisha mtu katika undugu huo. Je, mgonjwa hapo ni nani? Huduma ilidumu dakika ngapi? Fomu ya madai inauliza maswali ambayo ibada haina majibu yake, na inapolazimishwa kuyajibu inaanza kufanana na fomu.

Tena kuna suala la malipo yenyewe. Kwa Walakota ibada haiuzwi. Anayeomba msaada humwendea mtu mtakatifu na tumbaku, anapika, analisha waliokuja, na akipona anafanya wopila, karamu ya shukrani yenye kugawa zawadi. Mganga hali njaa, ila hana bei. Watu wengi wenye heshima zao huko wanaona kwamba mganga mwenye ankara amekwisha kupoteza kitu. Wengine wanajibu kwamba mzee anayeendesha gari kilomita mia moja usiku kumfuata kijana aliyetaka kujiua anahitaji mafuta, na kwamba daktari wa kliniki analipwa kwa kazi hiyo hiyo. Siwezi kuwalaumu wowote kati yao, lakini nadhani kuna njia: kliniki ya kabila imwajiri mtu kwa mshahara, na ibada ibaki bila bei.

Hofu ya kuuza ina historia. Juni 1993 mkutano wa Walakota na ndugu zao Wadakota na Wanakota, wenye wajumbe wapatao 500, ulipitisha tamko la vita dhidi ya wanaoinyonya dini ya Walakota: watu wa nje wanaouza ibada kwa tiketi, na Wenyeji wanaowasaidia. Oktoba 2009, karibu na mji wa Sedona huko Arizona, mhamasishaji wa mafanikio asiye Mwenyeji aitwaye James Arthur Ray aliwaingiza makumi ya wateja wake katika kibanda cha jasho cha kuiga. Watu watatu walikufa, naye akatiwa hatiani mwaka 2011. Walakota walikuwa wameonya miaka 16 kabla.

Kwa hiyo swali la nani ana sifa si la urasimu mtupu. Ni la uhai wa watu. Na hapa ndipo uamuzi wa Oktoba 2024 una jambo zuri ambalo taarifa nyingi zililipita kwa kasi. Serikali kuu haikuandika orodha ya tiba zinazokubalika kwa makabila yote, wala haikuanzisha leseni ya mganga. Ilisema huduma itolewe kupitia vituo vya Huduma ya Afya ya Wenyeji (idara ya serikali kuu), vya makabila au vya mashirika ya Wenyeji mijini, na vituo hivyo ndivyo vyenye wajibu wa kuhakikisha mtoa tiba ana ujuzi unaotakiwa. Jamii inamjua mganga wake kwa namna ambayo hakuna mtihani utakaoweza: alifundishwa na nani, anaishi vipi, aliowahudumia wamekuwaje. Kuacha uamuzi huo kwao ni utambuzi wa kweli.

Oregon ilikwisha kuonja mzozo wa aina hii. Mwaka 2003 jimbo lilipitisha sheria iliyotaka programu kadhaa, zikiwemo za afya ya akili na uraibu, zitumie zaidi na zaidi mbinu zilizothibitishwa kwa utafiti. Makabila ya huko yakauliza: ibada iliyowalea watu kwa karne nyingi ithibitishwe kwa kugawa vijana katika makundi mawili, moja lipewe na jingine linyimwe? Yakajenga utaratibu wao wa kuzitambua mbinu bora za kikabila, ambapo ushahidi ni pamoja na historia ya desturi yenyewe na kauli ya wazee. Sisemi kipimo kisiwepo. Nasema anayepima awe na haki ya kupima.

Kumbuka pia nani anabeba lawama. Sheria kuu ya afya ya Wenyeji, iliyofanywa ya kudumu mwaka 2010, inamruhusu waziri wa afya kuendeleza tiba za jadi, na katika kifungu hicho hicho inatamka kwamba Marekani haitawajibika kwa madhara, jeraha au kifo kitakachotokana nazo. Daktari wa hospitali ya serikali akikosea, serikali inaweza kushtakiwa kwa kosa lake. Mganga akikosea, yuko peke yake.

Deni

Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868, kati ya Marekani na Walakota pamoja na ndugu zao, una kifungu cha 13 kinachoiahidi jamii hiyo daktari, walimu, seremala na mafundi wengine. Ardhi ilitolewa, daktari aliahidiwa. Desemba 2015 kitengo cha dharura cha hospitali ya Rosebud kilifungwa baada ya wakaguzi kukuta kasoro kubwa, na kwa miezi kadhaa wagonjwa walisafirishwa mbali. Wengine walikufa njiani. Kabila la Rosebud likashtaki kwa kutumia mkataba ule, na Agosti 2021 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba Marekani ina wajibu wa kutoa huduma ya afya yenye viwango, inayoongozwa na daktari.

Kesi ile ilihusu hospitali na madaktari, haikuhusu inipi. Lakini inabadilisha sauti ya mazungumzo yote. Anayedai alichoahidiwa kwa kubadilishana na nchi yake haombi hisani, na aliyevunja kwa sheria njia za watu za kuomboleza na kuponyana hana fadhila ya kujigamba anapochangia kuzijenga upya.

Tatizo ni kwamba njia ya Medicaid haiendi moja kwa moja kutoka Washington hadi Pine Ridge. Kibali kama kile cha 2024 huombwa na jimbo. South Dakota, ambako Walakota wengi wanaishi, haikuwamo katika yale manne. Ilipanua Medicaid Julai 2023 tu, tena kwa kura ya wananchi. Mlakota wa Rosebud ana mkataba na serikali kuu, ila malipo ya mganga wake yanapitia mezani kwa gavana ambaye hakuwa sehemu ya mkataba huo.

Njia nyingine ipo tayari. Sheria ya mwaka 1975 ya kujiamulia mambo inaruhusu kabila kuchukua fedha za huduma ambazo serikali kuu ingezitumia na kuziendesha lenyewe. Kituo cha afya cha Oyate mjini Rapid City, South Dakota, kilipita njia hiyo mwaka 2019, bodi ya afya ya viongozi wa makabila ya nyanda hizo ilipochukua uendeshaji wa huduma katika hospitali ya Sioux San. Majengo yale yaliwahi kuwa shule ya bweni ya watoto wa Wenyeji, kisha hospitali ya kifua kikuu. Chini ya mpango wa namna hiyo, kabila linaweza kumweka mtu wa ibada kwenye orodha ya mishahara bila kumsubiri gavana na bila kuifanya ibada kuwa bidhaa yenye bei. Kikomo chake ni bajeti ambayo Bunge huipitisha kila mwaka, na Huduma ya Afya ya Wenyeji haijawahi kupewa fedha zinazolingana na mahitaji ya watu wake.